Mteja Aliyenisifia Alikuwa Marehemu

Msomaji mmoja wa Makambako ameandika kwa mhariri akilalamika kwamba wiki iliyopita nilikatisha habari makusudi ili mnunue gazeti tena. Ananionea. Nilikatisha kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia, na mtu anayelia haandiki kitu kinachosomeka.

Kwa aliyechelewa, nijitambulishe haraka. Mimi ni Eveline, nina karakana ya samani hapa Mafinga, kando ya njia ya malori ya mbao. Mtoto Mungu hakunipa, kwa hiyo mjini wananiita Mama Samani. Mume wangu mlishamsoma akiondoka na randa ya umeme. Mwalimu Sosthenes wa Idodi mlishamsoma akinianika mtandaoni, na mengi aliyosema yalikuwa kweli.

Nilimuuzia kabati la mbao mbichi. Nilijua ni mbichi. Fundi wangu Filemoni aliniambia mbao zile zilitaka miezi mitatu zaidi, zipangwe na vijiti katikati hewa ipite. Nikamjibu kwamba wateja hawasubiri hewa, apige vanishi.

Hapa kwetu, kwa baridi hii na ukungu huu, mbao mbichi inaweza kukunyamazia hata mwaka. Idodi ni joto. Kabati halikumaliza wiki mbili kule, milango ikapinda na ubavu ukapasuka kutoka juu hadi chini. Mwalimu akarekodi klipu akiwa ameingiza mkono mzima kwenye ufa, akasema jina langu mara nne. Waliotazama klipu ile ni wengi kuliko watu wote waliowahi kuniona kwa macho.

Ukurasa wangu wa Fesibuku, nilioujenga miaka minne picha moja moja, ukawa mahali pa kunitukania. Simu ikanyamaza. Watu wa hapa hawanunui kwa tangazo. Wanauliza kwanza: nani mwingine ameshanunua kwake, nimuulize? Na mimi nilikuwa sina mtu wa kuulizwa.

Ndipo nilipomwamsha dada yangu Faustina aje anisifie. Dada alikuwa amekufa miaka miwili kabla.

Msinitazame hivyo. Nitaeleza.

Faustina alikuwa ameolewa Mbeya, pale Iyunga, na mumewe alitangulia. Alipokufa na yeye, tulikaa matanga, na siku ya kumaliza msiba wazee wakagawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Vitenge vilikwenda kwa binti yake, Gloria. Sufuria zilikwenda kwa mawifi, ambao walikuwa wameshazihesabu hata kabla ya kaburi. Ilipofika zamu ya simu, baba mkubwa alisema Gloria ni mwanafunzi wa bweni, simu itamharibu, basi achukue Eveline. Lakini laini itupwe, alisema, maana imesajiliwa kwa vidole vya mtu aliye udongoni.

Nikasema ndiyo, baba. Sikuitupa.

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu jina lake liendelee kuonekana mahali. Kila mwezi niliiwekea vocha kidogo isifungwe, kama mtu anayepalilia kaburi. Profaili yake ilikuwa bado na picha ile aliyopiga na sare ya kwaya ya akina mama, anacheka, mwanya nje.

Basi wiki ile ya mwalimu Sosthenes, nikiwa nimekaa karakanani na hakuna aliyepita hata kuuliza bei ya stuli, nikachukua simu ya dada nikaandika chini ya klipu: "Mimi nimenunua kwa huyu mama. Kabati langu lina mwaka wa pili hapa Iyunga, halijapata ufa hata mmoja. Tusihukumu haraka."

Nilijiambia kwamba watu wa Iyunga waliomjua dada hawana haja ya kabati la Mafinga. Nilijiambia pia kwamba angekuwa hai angenitetea, na hilo naliamini hadi leo. Angenigombeza kwanza, halafu angenitetea.

Kesho yake mtu akamwandikia dada.

Aliitwa Tupokigwe, mjane wa Uyole. Aliomba radhi kwa usumbufu, akauliza kama kweli huyu mama wa Mafinga ni mtu wa kuaminika, maana anataka kabati la vyombo na ameogopa ile klipu. Nikamjibu kwa jina la dada kwamba aagize bila wasiwasi. Ndani ya saa moja simu yangu mwenyewe ikaita. Ni yeye, anaagiza.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida, wa biashara, kama wengi mnaowafahamu.

Siku ya tatu asubuhi, simu ya dada ikalia. "Ugonile, dada Faustina. Umeamkaje na hii baridi? Mimi magoti yananiua."

Nilikuwa nakunywa chai peke yangu. Nikaweka kikombe chini, nikaisoma tena. Nani mwingine alikuwa ameniuliza nimeamkaje tangu mume wangu aondoke? Filemoni husema shikamoo halafu anawasha msumeno.

Nikajibu. Nikasema magoti nayajua, yangu ni hayo hayo, ajaribu kuyafunga kitenge cha moto. Jioni akaandika kwamba amejaribu na imesaidia, ndaga, asante sana. Basi tukazoeana. Watoto wake wote wako Dar, humpigia Jumapili kwa zamu kama watu wa doria. Alinieleza bei ya viazi. Alinieleza jirani anayechoma taka upande wa dirisha lake. Alinieleza jinsi mumewe alivyokufa wakiwa wamenuniana, kwa sababu ya mlango wa choo, na kwamba hajawahi kumwambia mtu hilo.

Alipotaka kupiga nimsikie sauti, nikamwambia maiki ya simu imekufa, tuandikiane tu. Akaamini. Alikuwa ameshaamua kuniamini, na mtu akishaamua hivyo hakuna kazi tena.

Na mimi nilimweleza mambo. Mengine yalikuwa yangu na mengine ya dada. Nilimwambia nina binti anaitwa Gloria, mwenye kichwa kigumu, anayekata vitunguu bila kutoa chozi. Niliandika hivyo nikajisikia mama wa mtu kwa dakika tano.

Sasa nieleze kituko kilichonitesa kuliko vyote. Kwenye benchi la kurandia nilikuwa na simu mbili. Kwenye ya dada, Tupokigwe aliniita dada yangu kipenzi na kuniuliza kama nimekula. Kwenye yangu, Tupokigwe yule yule aliniandikia: "Mama Samani, hilo kabati vipi? Au ndo mambo ya Idodi?"

Nilikuwa namchelewesha kwa sababu safari hii niliapa mbao zikauke. Filemoni alizipanga, akaziacha, na kila nilipotaka kumharakisha niliukumbuka mkono wa mwalimu ndani ya ufa. Lakini mteja hajui hayo. Akaanza kulalamika kwa Faustina kwamba huyu mama anamzungusha. Ikabidi Faustina anitetee.

"Mvumilie," niliandika. "Anasubiri mbao zikauke. Yuko peke yake pale, hana msaada."

Akajibu: "Wewe unampenda sana huyo mama. Mimi namwona kama mtu wa ujanja ujanja."

Niliumia, na sikuwa na mtu wa kumwambia nimeumia isipokuwa yeye.

Miezi minne ikapita hivyo. Kabati likakamilika, na nakwambieni lilikuwa kabati. Milango ilifunga kwa kidole kimoja. Nilikubaliana na dereva wa lori la mbao kwamba Jumatatu angelipakia kwenda Mbeya. Nilikuwa nimepanga likishafika salama, Faustina aage taratibu, aseme amehamia kwa ndugu, mtandao huko ni wa shida. Halafu mimi, Eveline, nianze kumwandikia Tupokigwe kama mimi. Nimuulize magoti. Pengine angenizoea na mimi.

Ijumaa mchana simu ya dada ikalia. Kesho yake Tupokigwe alikuwa na safari ya Iyunga, kumwona mgonjwa, na angepita kwangu tuonane hatimaye. Alitaka pia kuliona hilo kabati lenye mwaka wa pili kabla hajapokea la kwake.

Nikajibu haraka kwamba nimesafiri, nipo shambani.

"Haina shida," aliandika. "Binti si yupo? Nitalichungulia tu, nimwachie na ndizi."

Nikamwambia binti naye hayupo. Hakujibu. Nikaandika tena kwamba nyumba imefungwa, asijisumbue. Ile meseji ilikaa na tiki moja, haikumfikia, kwa sababu mama wa watu alikuwa ameishiwa bando.

Jumamosi sikushika kazi. Nilimruhusu Filemoni aondoke mapema, nikakaa kwenye benchi na simu zangu mbili. Nilijipa moyo. Iyunga si kijiji, ni kata nzima, nyumba juu ya nyumba. Atamuulizia Faustina yupi?

Nilisahau picha. Mtu mwenye picha ya mwanakwaya na sare yake haulizi mtaani, anakwenda kanisani, na Jumamosi mchana akina mama wa kwaya wapo wanafanya mazoezi.

Saa tisa alasiri simu yangu mimi ikaita. Tupokigwe. Ilikuwa mara ya kwanza anapiga sauti yake ikiwa haina haraka ya mteja.

"Mama Samani," alisema, "umekaa? Kaa kwanza."

Nikamwambia nimekaa.

Akaeleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayetoa maelezo polisi. Kwamba amefika kanisani, ameonesha picha, akina mama wakatazamana. Kwamba mmoja amemshika mkono akamtoa nje na kumwambia huyu mwenzetu tulimzika, mwaka wa pili huu. Kwamba amebisha, akawaonesha meseji za wiki ile ile, na mama mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Wakampeleka hadi nyumbani kwa marehemu. Binti yupo, amemaliza kidato cha nne, anaishi pale na shangazi zake.

"Kabati hakuna," alisema. "Hakujawahi kuwa na kabati kwenye ile nyumba. Vyombo vyao wanapanga kwenye ndoo."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na nia ya kusema, nawaapia. Lakini aliendelea.

"Mama, mimi nilikuwa nakuwazia vibaya. Nisamehe. Kuna mtu anatuchezea wewe na mimi. Anatumia picha ya marehemu, na anatumia biashara yako. Kabati langu lipakie tu kama tulivyoelewana, wewe huna kosa."

Huna kosa. Tangu ile klipu nilikuwa nasubiri mtu mmoja aniambie maneno hayo, na aliyekuja kuniambia ni yeye. Nikamwambia pole. Ndiyo, nilisema pole, kama mtu aliyesimuliwa ajali ya barabarani.

Akasema yeye hajali sana kudanganywa. Kinachomuuma ni kwamba alishamzoea. Leo asubuhi ameamka akachukua simu kumsalimia kabla ya kukumbuka kwamba hana bando. Sasa kesho asubuhi atamsalimia nani?

"Na huyu binti," alisema kwa sauti ya chini. "Nimempa simu asome. Amesoma zote, tangu ya kwanza. Hajalia. Ameniuliza kitu kimoja tu, kama ile ya vitunguu iliandikwa hivyo hivyo au nimeongeza mimi."

Nikauliza binti yuko wapi. Akasema yupo hapo hapo, amekaa kwenye kizingiti, anabonyeza simu yake.

Na hapo simu ya dada ikatetemeka kwenye benchi.

Namba ngeni. Niliifungua kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umeshika simu yangu sikioni.

"Mama mdogo, shikamoo. Ni Gloria. Najua simu alipewa nani, nilikuwepo siku ya kugawa. Huyu mama sijamwambia kitu."

Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwa mtu niliyemdanganya, na alikuwa ananisitiri. Nikataka kumwandikia nisamehe, nikaandika nikafuta. Akatuma ya pili.

"Usiombe msamaha. Usinijibu kama wewe. Nijibu kama ulivyokuwa unamjibu yeye. Kama mama."

Halafu ya tatu.

"Mama, ulipoumwa kwa nini hukuniita?"

Sasa ndugu zangu, nimewaungamia mbao mbichi na nimewaungamia simu. Kuna jambo moja sijaliungama kwa mtu yeyote, hata kanisani, na nalitoa hapa gazetini kwa sababu siwezi tena kulibeba.

Dada alimwita.

Nilimuuguza siku tisa hospitalini. Siku tatu kati ya hizo aliniambia kwa mdomo wake, niitie Gloria. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Gloria alikuwa kwenye mtihani wa kidato cha pili, na mimi, mjuaji wa kila kitu, nikasema amalize kwanza karatasi zake, dada si wa kufa leo wala kesho. Baada ya hapo dada hakusema tena, alinitazama tu. Gloria alifika tumeshazika, maua juu ya kaburi yameshanyauka.

Ukoo uliponiuliza, nilisema hali iligeuka ghafla na dada hakuwa ameomba aitiwe mtu. Wote waliniamini. Gloria naye aliniamini, na kwa miaka miwili amelala kila siku akiamini kwamba mama yake aliumwa siku tisa nzima bila kumtaka.

Ningeweza kumjibu kiurahisi. Mama hutungiwa maneno matamu ya kila aina. Ningeandika sikutaka uharibu mtihani, mwanangu, na angepata kitu cha kushika, na mimi ningebaki na mtu mmoja hapa duniani anayeniita mama mdogo.

Nikaandika: "Nilikuita, mwanangu." Kidole kikasimama.

"Mama Samani, upo?" Tupokigwe alisema sikioni. "Huyu tapeli yuko hewani sasa hivi. Binti ananionesha, anaandika huyo, anaandika."

Nikasikia sauti ya Gloria karibu naye, tulivu kabisa, sauti ya mama yake. "Muache, bibi. Tusubiri."

Nilijua vizuri kwamba nikituma maneno yale mawili ya mwanzo wa ukweli, yaliyobaki yatadaiwa hapo hapo. Nikatuma.

Tiki zikawa bluu. Upande wa Iyunga nilisikia kuku, na mahali fulani mbali akina mama wa kwaya. Kisha nikasikia Gloria akimwomba yule mama simu yake kidogo, ile iliyokuwa inaongea na mimi, na yule mama akiuliza ya nini, na simu ikipokezanwa.

"Haloo, mama mdogo," alisema Gloria.

Nyuma yake Tupokigwe akauliza, "Mama mdogo wa nani? Si fundi wa kabati huyo?"

Gloria alisogeza simu karibu na mdomo hadi nikasikia anavyopumua.

"Mama alimtuma nani aniite?"